Kompyuta Iliyolilia Jina

Wewe unayenisikiliza, umeshawahi kusikia mashine ikilia kama mtoto mchanga? Usinicheke. Mimi nimesikia, tena hapa ndani ya nyumba yangu, Busia upande wa Uganda, jua iko juu ya kichwa, na sikuwa na homa wala sikuwa nimeonja kitu.

Kwanza ilikuja harufu. Vumbi ikiungua juu ya chuma, kama mtu amemwaga unga ya wimbi kwenye mafiga ya moto. Feni ya ndani ilikuwa inavuma kama lori ya mizigo ikipanda mlima, vuuu, vuuu, halafu tap, kimya. Mjukuu wangu Brenda akapiga yowe.

"Jaja! Imezima! Nilikuwa nakaribia kumaliza!"

Alikuwa anacheza geimu ya magari, ile ya kukimbizana na kugonga watu. Tangu tutoke kanisani alikuwa hapo. Nilikuwa nimemwambia, mtoto yangu, hata ng'ombe wa kulima anapumzishwa. Lakini watoto wa siku hizi, masikio yao iko kwa ajili ya hereni tu.

Hiyo kompyuta si ya Brenda. Ilikuwa ya mama yake, binti yangu. Ni ile kubwa ya zamani, sanduku chini, kioo juu. Alikuwa na duka ya kuchapa karibu na mpaka, anawachapia watu barua na programu za mazishi, mpaka asubuhi moja alianguka akifungua kufuli, na hakuamka. Sasa ni mwaka na zaidi. Simu yake ilipotelea kwenye matanga. Watu wengi, hujui nani amekuja kulia na nani amekuja kuchukua. Kwa hiyo picha zake zote zimebaki ndani ya hiyo sanduku. Ukutani kwangu hakuna hata moja. Ikifa hiyo sanduku, Brenda hana tena mahali pa kuona uso wa mama yake.

Na jina yake? Mimi sikuwa nimeitaja tangu tumzike. Nilisema "mama Brenda". Nilisema "marehemu". Jina yenyewe ilinikwama hapa kooni kama mfupa ya samaki ngege.

Sasa nikafanya kama ninavyofanyia redio. Nikaipiga makofi mbili za ubavuni, pa, pa. Brenda akabonyeza. Ndipo ikaanza: nyaa. Nyaa. Nyaa. Kioo nyeusi, hakuna taa, hakuna picha, ile kilio tu. Anazima, anawasha. Nyaa. Nyaa. Nyaa.

Akampigia simu fundi mmoja wa upande wa Kenya, kijana wa maneno mengi. Alimweka kwa sauti kubwa, na mimi nikasikia.

"Si ulete tu hiyo CPU, msee. Naiformat, inakuwa mpya kabisa."

"Na picha?"

"Picha zitaenda. Lakini mashine itapona."

Brenda akakata simu. "Jaja, huyu anataka kuiosha kichwa. Afadhali niifungue mwenyewe." Akaenda kutafuta bisibisi. Kitu yenyewe ameiacha imewaka, inalia, na mimi nimekaa nayo peke yangu. Nikasogeza kiti mbali nayo. Maana hiyo sauti niliijua. Niliisikia mara ya kwanza kijijini Paya, kwa baba yangu, nikiwa na miaka saba. Au nane, nani alikuwa anahesabu.

Mama alikuwa amejifungua katoto ka kike. Siku ya kwanza kakalia, tukasema sawa, kamefika. Siku ya pili kanalia. Hakana joto, hakana upele, tumbo iko laini. Kakiwekwa kwenye titi kanavuta kidogo, kanaacha, kanalia. Sasa kwetu Wapadhola, mtoto akilia namna hiyo, watu hawaulizi anaumwa wapi. Wanauliza anaitwa nani. Kuna mtu wa zamani amekuja, amesimama mlangoni na jina yake mkononi, anangoja kuitwa. Ukimwita mwenyewe, mtoto ananyamaza.

Bibi yangu, mama ya baba, akakaa chini na kibuyu ya pombe ya wimbi. Anachovya kidole, anakagusisha ulimi, anaita.

"Ni wewe, Nyachwo? Kama ni wewe, nyamaza, unyonye."

Nyaa!

"Si Nyachwo," shangazi akasema. "Nyachwo alikuwa mchoyo, hangetupa hata machozi."

"Ni wewe, Nyadoi?"

Nyaa!

"Huyo naye alikuwa kiziwi. Hata ukimwita hasikii."

Wanawake wakacheka. Mama hakucheka. Alikuwa ameangalia ukuta. Bibi aliita wa upande wa baba, akaita wa upande wa mama, akafika mpaka kwa wale ambao hata yeye aliwasikia tu kwa watu. Majina zikaisha. Zote isipokuwa moja, na hiyo moja watu walikuwa wanaizunguka kama shimo kwenye njia.

Awor. Mdogo wa mama yangu. Alikuwa anakaa na sisi, analala na mimi kwenye mkeka moja, ananisuka, ananifinya nikikojoa. Siku moja alibeba kikapu yake akaenda Majanji, kule ziwani, kununua samaki. Mashua ilipinduka. Wengine walionekana. Awor hakuonekana. Wiki moja wanaume wanatembea ufukoni, hakuna. Hatukumzika, maana utazika nini? Na pale nyumbani walisema mtu asiye na kaburi usimtaje, atakuja kuuliza alale wapi. Mama akapandisha nguo za mdogo wake darini, akachukua jembe, akaenda shambani na tumbo yake. Hata chozi moja sikuona.

Lakini mimi nilikuwa bado nalala upande wangu wa mkeka. Upande wake nauacha wazi. Na asubuhi, sikudanganyi, nikiweka mkono pale nakuta baridi, unyevunyevu, kama mtu amelala na nguo mbichi. Sikumwambia mtu. Kwa lugha yetu kivuli ya mtu tunaita tipo, na mtu akishakufa, yeye mwenyewe ni tipo. Hiyo nilijua hata kabla ya kujua kuhesabu.

Kwa hiyo nilijua. Kutoka siku ile ya kwanza kanalia, nilijua ni nani. Nilifunga mdomo. Niliogopa kwamba nikimwita ataingia kweli, amelowa, na samaki kwenye nywele. Mimi mtoto nilidhani nailinda nyumba.

Siku ya tatu ile sauti ilikuwa imekonda, kama paka ndani ya gunia. Bibi akaweka kibuyu chini. Akasema, "Basi. Kanarudi kalikotoka." Shangazi akaanza kutafuta kitambaa. Na mimi, nyuma ya mlango, mdomo ikafunguka yenyewe.

"Ni Awor."

Watu wote wakageuka. Mama akaniangalia, nikangoja kofi. Badala ya kofi alifungua mdomo, na kilio ikatoka mpaka majirani wa ng'ambo ya bonde walikuja mbio. "Awor! Awor wee! Awor wangu!" Nguo yake ikalowa yote kifuani. Nikadhani ni machozi. Bibi akachukua katoto, akakabandika pale pale kwenye maji. Kakanyamaza.

Kimya hiyo, mungu wangu. Nilijua nimekaua. Halafu nikasikia ndani ya kimya: kwp, kwp, kwp. Kanameza.

Ilinichukua miaka. Mpaka nilipozaa wangu, na nikazika wengine, ndipo nikaelewa ile haikuwa machozi. Ilikuwa maziwa. Mama alikuwa amebana huzuni mpaka titi ikafunga kama jiwe. Alipolia, ikafunguka. Ni hivyo tu, muuguzi yeyote atakueleza. Na huyo dada yangu Awor yuko mzima Molo, ni nyanya kama mimi, na tangu siku ile hajafunga mdomo tena.

Lakini alipokuwa na miaka minne, hajawahi kuona ziwa, aliamka asubuhi akamuuliza mama, "Kikapu yangu uliweka wapi?" Sasa hiyo nayo niieleze kwa maziwa?

Brenda akarudi na bisibisi. Akafungua ubavu wa sanduku, na ndani vumbi imeota kama ndevu ya mbuzi. Tuliitoa na brashi ya kupaka kucha, na mimi napuliza mpaka kifua inauma. Akachomoa vijiti mbili bapa, za kijani, zenye meno ya dhahabu.

"Hizi ndizo kumbukumbu yake, Jaja. Bila hizi haijui hata yeye ni nani."

Akarudisha moja. Akabonyeza. Nyaa. Akatoa, akaweka ingine. Nyaa. Na mimi, bila kufikiri, kila akibonyeza midomo yangu inatembea: ni wewe, Nyachwo? Ni wewe, Nyadoi?

"Jaja, unaongea na nani?"

Ndipo nikamwambia haya yote nimekuambia. Alisikiliza huku anasugua yale meno ya dhahabu na raba yake ya shule, taratibu, kama anaosha mtoto. Akavisukuma ndani mpaka vikasema ka, ka.

"Uliipiga makofi ngapi?"

"Mbili."

"Ndiyo ulizilegeza." Akaweka kidole kwenye kitufe. Hakubonyeza. "Umebakisha majina ngapi?"

"Moja."

"Iseme basi, Jaja."

Nilijaribu, ikakwama. Nilijaribu tena. Kidole yake ilikuwa inangoja.

"Rozi," nikasema. "Rozi. Ni wewe, mama?"

Akabonyeza. Ikafanya ti, moja tu, kama mtu ameshtuka usingizini. Feni ikageuka. Taa. Kioo ikaja ya buluu, na baada ya muda mrefu sana tukamwona binti yangu amesimama mbele ya duka yake, anacheka, mkono juu ya macho kwa sababu ya jua.

Najua ni raba. Brenda amenieleza mara tatu, na mimi si mjinga. Lakini aliyenitoa machozi si kompyuta. Ni Brenda, aliyesema polepole, bila kuniangalia, "Jaja, mimi nilidhani umemsahau."

Mwaka mzima! Nilifunga mdomo kama yule mtoto wa nyuma ya mlango, nikidhani nalinda nyumba, na huku mjukuu wangu anakonda kwa kiu. Hata geimu si geimu. Aliketi pale kwa sababu kiti ilikuwa ya mama yake.

Siku hiyo aliniahidi vitu mbili. Kwanza, kwamba hiyo mashine itakuwa inapumzika. Hiyo aliivunja kabla wiki haijaisha. Ya pili alisema akiwa ameshika mkono yangu, vidole vyeusi kwa vumbi. "Siku wewe utaenda, Jaja, nitakutaja. Jikoni, sokoni, hata nikiwa nimekasirika. Sitangoja mpaka kitu ilie."