Mpaka Umepita Migombani

Ilianza Jumanne saa tatu na nusu asubuhi, gari la wapima ardhi liliposimama kando ya lambo. Sikwenda shule. Tuliambiwa kila jamii isimame kwenye shamba lake, wakubwa kwa wadogo.

Ukitoka Vitengeni kuja kwetu barabara hupanda kwanza, halafu huteremka. Juu ni udongo mwekundu na mawe, ni mikorosho na mihogo myembamba tu. Chini kuna mkondo ambao hukauka kiangazi, lakini udongo wake ni mweusi, na mvua ikikataa sote hula kutoka huko. Sisi tulikuwa na kipande juu na kipande chini. Kile cha chini ndicho kilichotulisha. Mwisho wake wa juu ni migomba, na migombani ndipo mimi na Mama tulipomzika ndugu yangu mdogo, Baba akiwa safarini. Alikufa kabla hajapewa jina. Kwetu mtoto mchanga hulazwa penye ubaridi.

Jirani yetu wa huko chini ni mzee ambaye nimemwita babu tangu nijue kusema. Mahindi mabichi ya kwanza, Mama hunituma nimpelekee. Yeye ndiye aliyesema kipande cha chini ni chake.

Mwenyekiti wa kamati ya ardhi akamuuliza Baba anadai kwa lipi.

"Alilima babangu," Baba akasema, "na babake alilima."

"Alilima, sikatai," mzee akajibu. "Hata ng'ombe hulima."

Watu wakacheka. Mzee akaendelea, "Hawa ni watoro, jamani. Msijifanye hamjui."

Shuleni mtoro ni anayekwepa masomo. Nikafikiri ananisema mimi, kwa kuwa siku ile sikwenda, nikajificha nyuma ya Mama. Kumbe alikuwa anaeleza historia yetu ambayo sikuwahi kuambiwa nyumbani.

"Wazee wao walitoroka utumwa kwenye mashamba ya Mambrui, wakafika hapa na kitambaa kimoja kiunoni. Babu yangu akawaonea huruma. Akawaambia, haya, kaeni hapo mkondoni, mle. Kuazimwa ni kupewa?"

"Si kupewa!" wakaitikia baadhi ya watu, kama wako harusini.

"Basi wazee wangu hao hapo." Akanyoosha mkono kwenye vigango, ile miti ya kuchonga waliyosimamishiwa wazee wake waliokufa. "Wenu wamelala wapi? Tuonyesheni."

Baba hakuwa na kaburi la kuonyesha. Babu yake alikwenda kuzikwa Rabai kwa Wakristo wenzake. Babake alifia Malindi, akazikwa huko huko kwa kukosa gari la kumrudisha.

Ndipo Mama, ambaye hasemi barazani, akasema, "Mwanangu amelala pale migombani."

"Jina lake nani?" mwenyekiti akauliza.

"Hakuwahi kupewa."

"Mama weye!" mzee akasema. "Huyo si mzee wa mtu. Hiyo ni mbegu iliyokosa kuota."

Waliocheka zaidi ni wanawake tunaochota nao maji. Mmoja alipiga makofi akashika mbavu. Mwenyekiti akawanyamazisha, kisha akamgeukia Mama kwa sauti ya upole kabisa.

"Pole, mama. Lakini kaburi la mtoto mchanga hatulihesabu. Tukilihesabu, nani hapa hana?"

Hapo hakucheka mtu. Hata wale wanawake walitazama chini. Lakini kigingi cha mpaka kilipigwa upande wetu wa migomba, na kipande chote cha chini kikawa cha mzee.

"Kesho nakata migomba nipande mahindi," akamwambia Baba. "Mje mapema mumtoe mtu wenu. Sitaki mifupa kwenye shamba langu."

Nyumbani Baba hakumlaumu mzee. Alimlaumu Mama. "Ungenyamaza. Umewapa watu cha kucheka." Mama hakupika. Nilikoroga uji, wakauacha ukaganda.

Asubuhi yake Mama alinipa jembe na leso safi iliyokunjwa, ya kumfungia. "Nenda wewe. Miye siwezi."

Nilishuka, nikavuka kigingi, nikachimba pole pole kati ya mashina mawili. Nilipoona pindo la leso tuliyomzikia, nilipiga magoti nikaligusa. Likakatika mkononi kama karatasi iliyolowa. Nikajua nikivuta, nitapata vipande. Nikarudisha udongo wote, nikaushindilia kwa miguu yangu, kwa nguvu, maana udongo uliolegea mbwa huufukua. Nilikuwa nikimkanyaga nikimwambia pole.

Nilimrudishia Mama leso yake kama alivyoikunja. Kisha nikanawa miguu, nikavaa sare, nikaenda shule.