Siku ya Mwisho ya Jina Letu

Jumanne, Februari 2013. Mvua ya alfajiri ilikuwa imekatika, lakini ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya malori yaliyopanga foleni kuelekea Zambia.

Baba watoto aliingia jikoni na simu mkononi. Barua pepe ilikuwa imekuja: usajili wa jina la tovuti ya nyumba yetu ya wageni unaisha leo, tusipolipa kabla ya jioni jina litauzwa kwa mtu mwingine. Jina hilo tulikuwa tumelipaka kwenye ubao wa barabarani, na wenye malori wa Ndola, kule Zambia, walilitumia kututafuta. Likienda, wageni nao wangekwenda.

"Tulipe sasa hivi," alisema. "Au unangoja tupangishwe jina letu wenyewe?"

Mimi ni wa darasa la saba, mambo ya mtandao nayajua kwa kuonyeshwa. Huenda barua ilikuwa ya kweli, na ubishi wangu ndio ungetuponza. Lakini ile haraka niliijua. Zambia ilikuwa ndiyo kwanza imebadilisha noti zake za kwacha, na pale mpakani wabadilisha fedha walikuwa wakikimbilia watu: "Mama, za zamani mwisho leo, leta nikusaidie!" Na mwisho wenyewe ulikuwa bado.

Nilimpigia fundi wa kompyuta wa Vwawa aliyetusajilia jina.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeliuza jina letu?"

Alicheka. Kisha nadhani akaona sitanii. "Mama, linaisha mwezi wa nane. Hao siyo tuliojisajili kwao. Wanamtumia kila mtu barua kama hiyo, anayeshtuka ndiye analipa. Usibonyeze chochote humo."

"Ulitaka asemeje?" baba watoto alisema nilipokata simu. "Labda alisahau kulipia, anaficha."

Nisimwonee mume wangu, hilo hata mimi nililiwaza. Kwa hiyo nikafanya tunavyofanya na noti tunayoitilia shaka: humuulizi aliyekuletea, wala rafiki yake, unavuka barabara kwa mtu asiyewajua. Nilikwenda duka la intaneti nyuma ya stendi. Sikutaja barua wala fundi. Nilimwomba dada wa pale anionyeshe tu jina letu limesajiliwa wapi na linaisha lini.

"Mwezi wa nane, mama," akasema, akanigeuzia kioo cha kompyuta nisome mwenyewe. Kampuni ilikuwa ileile ya kwenye risiti yetu ya usajili, siyo ile ya barua.

Hatukulipa. Jioni ukaja ujumbe mwingine, "onyo la mwisho". Baba watoto akafungua tovuti, akaifunga, akaifungua tena. Ilikuwepo. Giza likiingia, dereva mmoja akapiga simu: bosi wake wa Ndola ameona kwenye mtandao tuna vyumba, je, kuna nafasi?

"Ipo, karibu," baba watoto akamjibu. Kisha akanigeukia, sauti chini: "Na huyu, una hakika ni dereva?"

Tulikula ugali na dagaa wa Mpulungu, tukambakizia dereva kwenye hotipoti.