Kete Iliyoota Mzizi Barazani

Nichekeni tu, nimeshazoea, mtaani kwetu Mpendae nzima ilinicheka kabla yenu. Yote yalianza mkwe wangu, Bi Mwanaidi, alipokwenda Chwaka kumuuguza dada yake, nami kwa kujipendekeza nikaenda kwake Bububu kumsafishia ua, nikakiona kichaka cha miba kimeegemea ukuta, nikakikata kwa panga mpaka chini (na nikajisifu!), mke wangu alipofika akashika kichwa: ule ndio mkomwe wa mama, anaochumia majani ya dawa ya homa kwa mtaa mzima.

Nikaapa nitaotesha mwingine kabla hajarudi. Komwe, yaani mbegu zake, si ngeni kwangu, ndizo kete zetu za bao pale barazani, na mtunzaji ni mimi. Bao lenyewe lilikuwa kwa seremala, kete zimelala kwangu mfukoni. Bwana shamba mmoja akaniambia komwe ina ganda gumu, ukiizika hivi hivi italala tu, kwanza uisugue kwenye jiwe mpaka weupe wa ndani uonekane, kisha uiroweke. Nikachukua kumi (katika sitini na nne, nani atajua?), nikasugua mpaka vidole vikachubuka, nikaziroweka, nikazifunga kwenye kitambaa kibichi.

Baada ya wiki seremala akalirudisha bao, na alasiri hiyo hiyo wakaja wageni wa Bububu kucheza nasi, kinara wao Mzee Makame, kaka yake Bi Mwanaidi! Ningesema kete hazitoshi? Nikazifuta zile kumi, zimevimba hizo, nikazichanganya na nyengine, nikakaa nyuma kabisa.

Mzee Makame akachota kete, akasita, akafungua kiganja. Moja ilikuwa imetoa kimzizi cheupe.

"Lahaula! Hii kete au mche?"

Baraza zima likanigeukia. Nikajitetea, nikajikanyaga, mwisho nikasema yote, kichaka, panga na mkwe, watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika, na mimi natamani ardhi inimeze.

Mzee Makame akafuta machozi. "Mwanangu, mkomwe haufi kwa panga. Jana nimepita pale, kisiki kishachipua. Na mkweo nshampigia simu."

"Kasemaje?" nikauliza.

"Kasema Mungu ampe kheri aliyeukata, miaka anatafuta mtu wa kuupunguza, kila mmoja anaogopa miba."

Zile kumi nimezipanda, zimeota tisa, na barazani wamenihukumu kungoja zizae niwarudishie kete zao. Kwa mkwe sasa nnakwenda mikono mitupu, bila panga, na hata jani kavu siliokoti mpaka niulize.