Nilivyomshuku mwenzangu wa chumba Guangzhou kwa sababu ya kikofia kilichokuwa kinalegea

Habari za humu wakuu. Ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe, na kwa kuwa sehemu kubwa inaniaibisha, sina sababu ya kukitunga.

Nianze na kosa. Nilipofika Guangzhou mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipaka mafuta mahali ambapo nilitaka pakazike.

Kitu chenyewe ni bastola ya kuchezea, zile za fataki ambazo watoto wa Dar na Unguja wananunua kwa hela ya Idd mpaka mtaa mzima unanuka baruti. Hii niliyoipata kiwandani ilikuwa ya chuma. Mdomo wa mtutu ulikuwa na tredi kama ya bolti, ili mtoto akitaka afunge kipande kingine kirefu. Asipokifunga, tredi inafunikwa na kikofia cha chuma cha kuzungusha, isimkate vidole.

Kikofia hicho ndicho kilininyima raha.

Sikusomea ufundi wala biashara. Kila nilichojua nilikipata kwa kufungua vitu na kuvirudishia, na Kichina nilikiokota sokoni. Mtu wa namna hiyo anaishi kwa wasiwasi, maana hajui ni nini asichokijua. Nilikuwa nakagua kitu, nakagua tena, halafu nakagua kama kweli nilikagua.

Na order ile ilikuwa ya kwanza kwa jina langu. Lazima ipakiwe bandari ya Huangpu mapema ifike Dar kabla ya Idd. Idd ikipita, hakuna mzazi anayenunua bastola.

Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Sanyuanli na Shaibu, Mzanzibari aliyenizidi kama miaka kumi. Yeye ni mtu wa viatu, anashinda jengo la Tianxiu kwenye ofisi ya wakala wa mizigo. Ndiye aliyenipokea mjini. Adhuhuri alikuwa anarudi kuswali na kupika, mimi niko viwandani.

Sasa sikilizeni. Asubuhi nakaza kikofia cha sampuli yangu, naweka tone la mafuta ya cherehani kisishike kutu, naifungia bastola kabatini mwetu. Jioni nikirudi, kimelegea. Nakaza. Kesho yake tena.

Nikajiambia chuma hakijilegezi. Kuna mkono.

Kabati lilikuwa letu wote na funguo tulikuwa nazo wawili tu. Nikaona picha yote: Shaibu anafungua kikofia, anapima tredi, anapeleka vipimo kiwanda kingine, na mzigo wake unanitangulia Kariakoo.

Kisha nikagundua jambo lingine. Zamani alikuwa anachoma udi Ijumaa tu. Siku hizi kila jioni chumba kinanukia udi. Anaficha nini?

Nikanunua rangi ya kucha, nyekundu. Nikachora mstari mwembamba kutoka kwenye kikofia hadi kwenye mtutu. Kikizungushwa, mstari utakatika.

Jioni ulikuwa umekatika.

Hapo nikaacha kabisa kufikiria bastola, nikawa namfikiria Shaibu tu. Wiki nzima kiwanda kinapakia makatoni, mimi nasikiliza anaongea na nani kwenye simu. Akicheka nilijua ananicheka.

Siku moja nikaaga kwenda kiwandani, nikageuza njia adhuhuri. Nikiwa kwenye ngazi nikasikia pa, pa, pa.

Nikafungua mlango. Shaibu amevaa kikoi, mkono mmoja kiunoni, ameilenga sufuria yetu ya wali juu ya jiko. Kwenye kigae udi unafuka.

"Weye si umekwenda kiwandani?"

"Kaka Shaibu, unafanya nini na sampuli yangu?"

"Huoni? N'naua sufuria."

Sikucheka. Nikamwaga yote: kabati, mstari, vipimo, kiwanda kingine. Akaishusha bastola taratibu.

"Mie muuza makobazi, n'kuibie kidude cha watoto?" akasema. "Udi ni wa kuondoa harufu ya baruti. Nimeona haya, mtu mzima n'nacheza. Ungeniuliza tu, mdogo wangu."

Nikauangalia ule mstari mwekundu kwenye mtutu.

"Na ile rangi ya kucha, mie nikajua umepata mchumba." Akanipa bastola. "Kikofia chako kibovu hiki. Nikipiga mkanda mmoja wa fataki chalegea. N'nakirudishia, hakikazi, chateleza tu."

Wakuu, nilikaa kitandani. Kwa kuogopa kuiharibu sampuli, nilikuwa nimeipiga mara chache tu, kwa upole, kama mtu anayegonga mlango wa mgonjwa. Hakuna mtoto anayecheza hivyo siku ya Idd. Shaibu ndiye aliyeipiga kama mtoto. Mtikisiko ulikuwa unakizungusha kikofia, na mafuta yangu yanakirahisishia njia.

Tukaifuta tredi kwa kitambaa chenye spiriti mpaka ikakauka. Ikasaidia kidogo. Ndipo Shaibu akafungua bomba la jikoni, akatoa oringi, ule mpira mwembamba wa mviringo, akaupachika nyuma ya kikofia. Nikakaza kwa mkono mpaka mpira ukabanwa, nikachora mstari upya. Tukapiga mikanda yote iliyokuwepo.

Mstari haukukatika.

Shida ni kwamba kiwandani nilikuwa nimesisitiza kila tredi ipakwe mafuta. Nilipokwenda kumwomba mafuta yafutwe, laoban, yaani bosi wa kiwanda, aliniambia "mei wenti", hakuna tatizo, kama alivyoniambia siku niliyoagiza mafuta. Makatoni yakafunguliwa, tredi zikafutwa, oringi zikatafutwa. Ile wiki niliyoitumia kumchunguza Shaibu ndiyo tuliyopungukiwa. Nusu ya mzigo ilipanda meli. Nusu nyingine ilifika watoto wameshavua nguo za Idd, ikakaa stoo hadi mwaka uliofuata.

Hiyo niliimeza. Iliyoniuma ni Shaibu. Hakuhama wala hakununa, ila alianza kuomba ruhusa. "Chumvi yako, n'iguse?" "Kabati n'lifungue, au uje usimamie?" Anasema huku anatabasamu.

Sikujua namna ya kumwomba radhi kwa maneno. Jioni moja nikaitoa bastola kabatini, nikaiweka mezani na boksi zima la fataki, nikakaa. Akaitazama. Akaenda jikoni, akarudi na sufuria.

Nilichojifunza: kitu kikilegea, kishuku chenyewe kwanza, kisha mikono yako, halafu ndiyo uje kwa watu. Waliowahi kupeleleza mtu wakakuta anacheza tu, karibuni mseme. Na mafundi mnaojua njia bora kuliko oringi, nawasoma.

Tangu wakati ule sampuli zangu hazikai kabatini. Zinakaa mezani, na kila anayeingia namwomba azitumie kwa nguvu, nione kipi kitalegea.