Dada wa Ng'ambo ya Korongo

Deolinda aliolewa upande wa magharibi wa korongo, na dada yake Zita akabaki upande wa mashariki, katika nyumba ya wazazi wao. Kila mmoja akisimama mlangoni pake aliiona nyumba ya mwenzake waziwazi, hata rangi ya madirisha. Lakini kisiwa cha Madeira ni mlima wa volkano uliochanwachanwa na mvua, na kumfikia mtu unayemwona kunaweza kukumalizia asubuhi nzima: unashuka ngazi za mawe mpaka mtoni, kisha unaanza kupanda upya huku unatweta. Usichanani hilo halikuwa jambo. Magoti yalipochoka, wakawa wanaongea kwa kuitana.

Kila siku, akishalisha kuku, Deolinda alisimama ukingoni mwa migomba yake, akazungushia viganja mdomo.

"Zitaaa! Umeamkaje?"

"Nimeamka! Kuku wanataga?"

Bonde zima liliwasikiliza. Ndiyo maana walizungumzia kuku, mvua na bei ya ndizi. Mambo ya moyoni hayapigiwi kelele, kwa hiyo kila mmoja alibaki nayo kwake.

Kisha likaja daraja la barabara kuu. Nguzo za zege ziliota kutoka mtoni zikaupita mnara wa kanisa, na barabara ikalala juu yake, ikaruka korongo kutoka mlima hadi mlima. Siku ilipofunguliwa watu walishangilia. Kesho yake asubuhi Deolinda alimwita dada yake, na malori yakaimeza sauti yake. Akaita mpaka akakohoa. Akaingia ndani, akatoka na kitambaa cheupe cha meza, akakipunga kama walivyozoea zamani siku za upepo mkali. Zita alikuwa ameketi barazani, uso umeelekea huku huku. Hakutikisika. Siku iliyofuata, vilevile.

"Amenikasirikia," Deolinda alimwambia jirani yake Firmino, mzee aliyeendesha malori miaka mingi kule Venezuela, akarudi nyumbani na kitambi na gari dogo la buluu.

"Kwa lipi?"

"Atakuwa ameshika moyoni niliyosema kuhusu mkate wake wa viazi vitamu."

"Ule mkate? Wewe ulisema tu. Mimi niliutafuna." Firmino akafungua mlango wa gari. "Panda nikupeleke. Hata kahawa yako haitapoa."

"Nipite juu ya kitu kile? Kimenifunga mdomo, halafu nikipande?"

"Haya, endelea kupunga kitambaa. Mkono ukikatika uniite."

Alinuna wiki nzima, na siku zilizofuata akaanza kukosa usingizi. Hatimaye akavaa gauni la kanisani, akapanga mayai kwenye kikapu, akaketi garini mwa Firmino. Njiani alifumba macho.

"Tumefika darajani?" aliuliza.

"Tulishalivuka. Fumbua macho, bibi wee."

Zita alikuwa barazani. Deolinda akapanda ngazi za mlangoni, akasimama mbele yake, hatua chache tu.

"Nani huyo?" Zita akauliza.

"Nani huyo? Leo hunijui?"

Zita akanyoosha mkono, ukatangatanga hewani, ukaligusa shavu la mdogo wake. Akalishika.

"Deolinda. Nilidhani umekufa."

Hapo ndipo Deolinda alipoyatazama macho ya dada yake kwa karibu. Yalikuwa na ukungu, kama kioo cha dirisha la jikoni.

"Tangu lini, dada?"

"Miaka. Yalianza kidogo kidogo."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Nipige kelele bonde zima lijue Zita haoni? Wangenijazia nyumba kwa supu na huruma. Nilikuwa nakujua kwa sauti, ikanitosha. Sauti ilipokatika, nikaogopa hata kuuliza."

Walilia wameshikana, kisha wakaona aibu kwa kuwa Firmino yupo. Wakaingia jikoni kukaanga mayai na vipande vya ugali wa mahindi. Walikaa mezani mpaka jua likazama, wakisema yale waliyoyaficha tangu waume zao wakiwa hai.

Juma hilohilo Firmino aliwapeleka mjini Funchal. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, atolewe. Wakamfanyia jicho moja, na baadaye la pili.

Siku ya kurudi, Zita alidai kiti cha mbele. Gari lilipoingia darajani akashika dashibodi kwa mikono miwili.

"Punguza mwendo, Firmino."

"Nyuma yangu kuna lori, dada Zita."

"Lipige honi litakavyo."

Chini yao kulikuwa na korongo zima: matuta ya mizabibu, mapaa mekundu, mto mwembamba, na bahari mwishoni. Zita alitazama kama anayekunywa maji. Walipofika ng'ambo, Firmino akazunguka kiplefti bila kuombwa, akarudi, kisha akavuka tena. Safari hiyo hata Deolinda alikuwa amekodoa macho.

"Ile nyumba ni yako?" Zita akauliza.

"Ndiyo yenyewe."

"Vigae vya paa vimevunjika."

"Najua."

"Ungeniambia."

"Ungenijengea wewe?"

Wakacheka mpaka Firmino akawaomba watulie, anaendesha.

Sasa kila Alhamisi wanakula pamoja, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Kelele za malori zipo palepale na Deolinda huzilalamikia, ila daraja lenyewe halisemi vibaya tena. Mwaka ulipogeuka alimwendea padri, akaomba misa ya shukrani kwa wanaume waliolijenga.

"Majina yao?" padri akauliza, kalamu mkononi.

"Siyajui, baba. Walikuwa wanavaa kofia za njano. Mungu aliwaona, walikuwa juu kabisa kule."

Firmino, aliyekuwa akimsubiri mlangoni, akataka kujua kama dereva naye ataombewa.

"Wewe unakula kwetu kila Alhamisi," Deolinda akamjibu, kisha akamgeukia padri na kumtajia jina lake kamili, taratibu, ili aliandike vizuri.