Steringi Hakufi

Ndugu yangu alitaka shujaa afe. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia tuligombana juu ya filamu ya mashujaa, watu wazima wawili, mmoja mgonjwa kitandani, wanadhani tulikuwa tunapitisha wakati tu. Wapi!

Alikuwa karani wa korti hapa Bungoma miaka mingi, mpaka figo zote mbili zilipokataa kazi. Jumatatu na Alhamisi alipelekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, anarudi midomo imekauka, hataki hata kusalimiwa. Nilijitolea nimpe figo yangu moja. Tukapimwa, haikufaa. Daktari alinieleza kwa upole, nami nikamkasirikia kana kwamba yeye ndiye aliyeniumba. Baada ya hapo nikabaki mtu wa kuleta vitu tu: shuka, habari za watu, ndizi ambazo baadaye niliambiwa amekatazwa. Naishi Kitale, nauza mahindi, na kila Jumamosi nilifunga duka mapema nije nikae naye.

Sasa, hiyo filamu. Tukiwa wadogo, mama aliokota kitabu cha katuni ndani ya robota la mitumba, kisicho na jalada. Kilikuwa cha shujaa anayeweza kusimamisha maji kwa mikono. Mwishoni bwawa linapasuka, anayazuia maji mpaka mji mzima unapanda kilimani, kisha nguvu zinamwishia, yanamchukua. Picha ya mwisho ni dada yake amekaa ukingoni. Basi, hakuna ukurasa mwingine. Mimi nililia siku mbili. Ndugu yangu alisema hicho ndicho kitabu cha kwanza ambacho hakikumdanganya.

Aliposikia kimetengenezewa filamu, akaniagiza. "Dada, uniletee. Lakini si ya DJ. Nataka nisikie wanavyosema wenyewe."

Huku kwetu kuna filamu, na kuna filamu ya DJ: jamaa anaongea juu ya sauti za wazungu, anatafsiri, anatia chumvi yake, na wateja wengi hawataki nyingine. Kwenye kibanda cha kuuza filamu pale Kitale nilikuwa na haraka, nikapewa flashi, nikaja nayo. Tulipoichomeka, sauti ya kwanza ilikuwa ya DJ. Ndugu yangu aliniangalia vile alivyozoea kuangalia mashahidi waliofika korti bila kitambulisho.

"Si tuangalie tu?" nikamwomba.

Tukaangalia. Ati huo mto ni Nzoia wetu huu. Ati dada ya shujaa ametoka Kimilili na ana haraka kwa sababu ameacha maharagwe kwa jiko. Hapo ndugu yangu alicheka mpaka mbavu zikamuuma, nami nikamshukuru huyo DJ kimoyomoyo. Kisha bwawa likapasuka. Maji yakamfunika shujaa, na DJ akapiga kelele: "Tulieni bana! Steringi hakufi!" Steringi kwake ndiye shujaa mwenyewe, na kweli hakufa. Alitokea upande wa pili akikohoa, dada yake akamkumbatia, muziki ukapanda. Nikajikuta napiga makofi.

"Wameharibu," ndugu yangu akasema.

"Wametengeneza."

"Alikufa. Kila aliyesoma anajua alikufa. Sasa kule kuzuia maji kote kuna maana gani, kama hakukumgharimu kitu?"

"Ni sinema, wewe! Nguo ilikuwa nyekundu wameifanya nyeusi, mbona hukusema kitu?"

"Nguo si neno. Hata hiyo Kimilili nimeisamehe. Lakini mwisho wasiuguse."

Nikapandisha sauti. Nikamwambia watu hawalipi waonyeshwe msiba, misiba wanayo nyumbani, wanalipa waone mtu akitoka majini. Nikamwambia ana roho ngumu. Alingoja nimalize, karani kabisa, kisha akaniambia polepole kwamba hatakwenda tena kwenye mashine. Amechoka. Ameshaongea na daktari. Ameshaongea na mke wake, ambaye wakati huo alikuwa jikoni akijifanya hasikii. Nilikuwa nimebaki mimi tu kuambiwa.

Nikashika rimoti, nikarudisha filamu pale shujaa anapotokea majini akikohoa. Nikairudisha tena. Nikajiona mjinga, nikazima.

"Kitabu kinaishia hapo, dada," akasema. "Na hakikuisha vibaya."

"Kinaishia hapo kwako!" Machozi na kamasi vilikuwa vinanitoka pamoja, sikujali. "Yule dada yake hawakumchora kesho yake. Mimi kesho yake nitaamka. Nitafungua duka, watu wataniuliza bei ya gunia, na nitawajibu. Hiyo nani amechora?"

Alinyoosha mkono akanishika kidole kimoja, kidole gumba, akakaa nacho mpaka nikatulia.

Jumatatu na Alhamisi ya wiki hiyo alienda kwenye mashine. Alienda kwa ajili yangu, najua, kwa maana mke wake alinipigia simu kuniambia hivyo. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nikawapimia wateja mahindi huku naimba. Nilijua alikuwa anateseka ili mimi nipate wiki moja zaidi, na bado niliitaka.

Jumatatu iliyofuata nilipiga simu mwenyewe saa tatu asubuhi, saa ambayo huwa amelala kwenye mashine na simu yake imezimwa. Akapokea yeye.