Majina Waliyompa Baba

Nakumbuka siku moja mwalimu wetu wa Kiingereza alitufundisha misemo ya kumsema mtu mwenye majivuno. Waingereza, alisema, humwambia mtu wa aina hiyo kwamba amepanda farasi mrefu, au kwamba amekuwa mkubwa kuliko viatu vyake. Darasa zima likageuka kunitazama. Mwanangu, walikuwa wamemtambua baba yangu, nami pia nilimtambua.

Baba alikuwa msimamizi wa mafundi wa mjengo, wale wa kujenga nyumba. Alipopata cheo hicho alituhamisha kutoka vibanda vya Kibera, Nairobi, hadi maghorofa ya Nyayo Highrise, hapo hapo jirani, lakini ungedhani tumehamia Ulaya. Akisalimiwa na mafundi aliofanya nao kazi zamani, aliitazama saa yake. Matanga ya watu hakuyakanyaga. Kibera hawakuhitaji Kiingereza kumweleza, walisema tu, "Anajiskia." Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: alitusomesha sote, nami nilimpenda.

Alipofariki, tulihitaji watu wa kutusindikiza hadi kijijini kwetu, Magharibi mwa Kenya, kumzika, maana kwetu mtu hazikwi na mke na watoto peke yao. Hiyo ni aibu ya ukoo mzima. Watu wa kwetu waliokuwa wakiishi Nairobi wakakutana katika kanisa la mabati kule mtaa wa Kawangware, na kabla maombi hayajaisha vizuri, kijana mmoja akasema kwa sauti, "Huyo buda alikuwa anajiskia sana. Wacha majirani wa Highrise wamzike!" Watu wakacheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama akasimama. Mama huyu, miaka yote ile, baba akishaenda kazini, alikuwa akirudi Kibera kuosha sufuria za matanga ya watu, wala hakumtangazia mtu.

"Yote mnasema ni ukweli," akasema. "Mzee wangu hakuwakujia. Lakini mimi nilikuja. Ni nani hapa alifiwa na mimi nikakosa?"

Mzee Makokha, mmoja wa wale mafundi walionyimwa salamu, akainuka na kuvaa kofia yake. "Mama Rose, tunaenda na wewe."

Wakaenda, mwanangu! Yule kijana mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Najivunia mama yangu hadi leo, na nikimtaja naketi wima, hata mgongo huu unaoniuma unajua.

Kwa hiyo sikukatazi fahari. Jivunie kazi yako, jivunie watoto wako. Lakini ukipanda cheo, salimia uliowaacha chini, na wakifiwa nenda, hata kama utaosha sufuria tu. Mtu ni watu. Majina wanayokupa ukiwa hai ndiyo watakayoyajadili ukiwa huwezi tena kujitetea.

Mungu akukuze, mwanangu, akupe cheo na nyumba nzuri. Na siku yako ikifika, watu waje bila kubembelezwa.